Namba na Vazi Lake: Sifa Zipi ni za Namba, Zipi ni za Maandishi?

Maajabu ya 9 hayaishi kuzungushwa kwenye simu. Zidisha namba nzima yoyote isiyo sifuri kwa 9, jumlisha tarakimu za jibu, na jumla ikizidi tarakimu moja jumlisha tena: mwisho wake ni 9. 47 mara 9 ni 423, na 4, 2 na 3 ni 9. 1,729 mara 9 ni 15,561. Tarakimu zake zinafanya 18, na 1 na 8 ni 9. Hesabu hiyo ni sahihi. Kinachopotosha ni maelezo yanayoifuata, kwamba 9 imebeba siri iliyotiwa ndani yake tangu mwanzo wa ulimwengu. Kwa mkondo huohuo 13 huogopwa, 666 hukimbiwa, na namba inayosomeka sawasawa mbele na nyuma huhesabiwa kuwa ya bahati.

Upande wa pili yuko mwanafunzi anayefundishwa kwamba idadi ileile yaweza kuandikwa kwa msingi wa mbili, wa nane au wa kumi na mbili. Akiona kwamba 10 yaweza kumaanisha mbili, nane au dazeni, hujiuliza kama kuna chochote cha namba kinachobaki imara. Wa kwanza anaamini kila anachokiona kwenye tarakimu. Wa pili anaanza kushuku hesabu nzima. Wote wawili wanahitaji jibu la swali moja: katika sifa tunazoziona kwenye namba nzima, zipi ni za namba yenyewe, na zipi ni za namna tulivyochagua kuiandika?

Chanzo cha mkanganyiko

Namba ni idadi. Tarakimu ni alama za kuiandika idadi hiyo. Kwa kuwa tumelelewa na mfumo mmoja tu wa kuandika, tumezoea kuviona vitu hivi viwili kuwa kimoja.

Tunapoandika 1,729 tunakusudia elfu moja, mia saba, makumi mawili na tisa. Kila hatua kwenda kushoto thamani huongezeka mara kumi, na hiyo kumi ndiyo inayoitwa msingi. Hakuna sheria ya hesabu inayolazimisha kumi. Watu wa Babeli walipanga hesabu zao kwa sitini, Wamaya wa Amerika ya Kati kwa ishirini. Tarakimu tunazotumia leo, pamoja na sifuri, zilikomaa India zikaenezwa na Waarabu. Sababu kubwa ya kumi kushinda ni vidole vya mikono.

Kiswahili chenyewe kinahifadhi somo hili. Moja hadi tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, yakayasukuma pembeni mtandatu, mfungate na kenda. Mwenye mbuzi kenda na mwenye mbuzi tisa wana mbuzi sawa. Jina limebadilika, zizi halikubadilika. Hata mafungu tunayohesabia si ya kumi peke yake. Saa zetu huzunguka kwa kumi na mbili, vyombo huuzwa kwa dazeni, na wafanyabiashara wa nguo walihesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini. Neno pesa lilikuwa jina la sarafu: katika Afrika Mashariki ya Wajerumani pesa 64 zilifanya rupia moja, hadi 1904 rupia ilipogawanywa upya kuwa heller 100.

Namba moja, mavazi mengi

Ili hoja isielee hewani, tuifuate namba moja. G. H. Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, alikwenda kumtembelea mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, aliyekuwa mgonjwa Putney, London. Akamwambia kwamba teksi aliyokuja nayo ilikuwa na namba 1729, namba aliyoiona haina mvuto. Ramanujan akapinga papo hapo: hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa njia mbili tofauti kwa kujumlisha vipeo vya tatu viwili. Mchemraba wa 12 ukiongeza mchemraba wa 1 ni 1,729. Mchemraba wa 10 ukiongeza mchemraba wa 9 ni 1,729 vilevile.

Sasa tuibadilishie vazi. Kwa kuwa misingi mikubwa kuliko kumi huhitaji alama zaidi, tuchukue A kuwa kumi, B kumi na moja na C kumi na mbili. Idadi hii moja huandikwa hivi:

- msingi wa 2: 11011000001
- msingi wa 3: 2101001
- msingi wa 5: 23404
- msingi wa 7: 5020
- msingi wa 8: 3301
- msingi wa 12: 1001
- msingi wa 13: A30
- msingi wa 16: 6C1

Kuna mavazi ya ajabu zaidi. Mwitaliano Vittorio Grünwald alionyesha mwaka 1885 kwamba msingi waweza hata kuwa hasi. Katika msingi wa kumi hasi, nafasi zina thamani ya 1, kisha −10, 100, −1,000 na 10,000. Humo idadi yetu huandikwa 19889, kwa kuwa 10,000 ukitoa 9,000, ukaongeza 800, ukatoa 80, ukaongeza 9, unapata 1,729.

Kwenye orodha hiyo mambo mengi tuliyoyaona kuwa ya kudumu yanayumba. Tumezoea kuitambua namba witiri kwa tarakimu yake ya mwisho. Lakini katika msingi wa 5 namba yetu inaishia na 4, na katika msingi wa 7 inaishia na 0, nayo bado ni witiri. Katika msingi wa 12 inasomeka sawasawa mbele na nyuma. Katika msingi wa kumi haisomeki hivyo. Mbele ya mabadiliko haya watu wamegawanyika katika misimamo mitatu.

Msimamo wa kwanza: kinachoonekana ni cha namba

Wanaoshika msimamo huu huzichukua tarakimu kama uso wa mtu: alama ya usoni ni yake. Kwao namba 1,729 ina sifa ya pekee kwa kuwa tarakimu zake zinafanya 19, na 19 ukiigeuza ni 91, na 19 mara 91 ni 1,729 barabara.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unachokiona ni cha kweli. Hesabu hiyo haina kosa, nayo huamsha hamu. Watoto wengi huanza kuzipenda namba kupitia michezo ya namna hii, na mwalimu anayeidharau anajifungia mlango mzuri.

Udhaifu wake umo katika hitimisho. Katika msingi wa 12 tarakimu za namba hiyohiyo ni 1, 0, 0 na 1. Jumla yake ni 2, na 2 haiigawi 1,729. Sifa iliyodhaniwa ni ya namba imetoweka, ilhali hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa kwenye idadi. Vivyo hivyo 13 inayoogopwa huandikwa 15 katika msingi wa nane na 11 katika msingi wa kumi na mbili. Na 666 katika msingi wa nane ni 1232. Tena 666 inafaa kuangaliwa kwa makini: katika maandiko ya kale ya Kigiriki iliandikwa kwa maneno, au kwa herufi tatu tofauti zenye thamani ya mia sita, sitini na sita. Hapakuwa na sita tatu zilizosimama mstari mmoja. Umbo linalowatisha watu leo limeletwa na tarakimu zilizofika baadaye.

Msimamo wa pili: maandishi hayana uzito

Msimamo huu ni wa wanahisabati wengi, na mtetezi wake mashuhuri ni Hardy yuleyule wa teksi. Katika kitabu chake A Mathematician's Apology cha mwaka 1940 alitaja kwamba 8712 na 9801 ndizo namba pekee za tarakimu nne zinazogawanyika kwa mgeuzo wao wenyewe, ukiacha zinazofanana na mgeuzo huo: 8712 ni 2178 mara 4, na 9801 ni 1089 mara 9. Akataja pia 153, 370, 371 na 407, ambazo kila moja ni jumla ya vipeo vya tatu vya tarakimu zake. Kisha akasema mambo hayo hayana kitu cha kumvutia mwanahisabati.

Nguvu yake ni kwamba unachora mpaka ulio wazi. Kuwa witiri au shufwa, kuwa tasa au kuwa na vigawo, kuwa mraba, kuwa jumla ya vipeo vya tatu viwili kwa njia mbili: hayo hayajali msingi. 1,729 ni 7 mara 13 mara 19 kwa Mbabeli, kwa Mmaya na kwa kompyuta. Ndiyo maana jibu la Ramanujan lilikuwa na uzito: lilihusu namba, halikuhusu mwandiko wake. Hata 666 inayo sifa yake ya kweli, kwa kuwa ukijumlisha 1, 2, 3 hadi 36 unaipata hiyo. Ukweli huo haubadiliki katika msingi wowote.

Udhaifu wake ni kutupa nafaka pamoja na makapi. Unamwambia mtu kwamba maajabu ya 9 hayana maana, lakini haumwelezi kwa nini yanatokea. Unasahau pia kwamba mahesabu hufanywa kwa maandishi. Karani, fundi na mashine hawashiki idadi tupu. Wanashika tarakimu, na tarakimu zina gharama.

Msimamo wa tatu: kuna sifa zinazosafiri

Msimamo huu unatambua tabaka la katikati. Baadhi ya sifa zinatokana na maandishi, lakini zinafuata sheria moja katika misingi yote. Kinachobadilika ni mhusika; kanuni inabaki.

Turudi kwa 9. Kumi ukiigawa kwa tisa hubaki moja. Mia hubaki moja, elfu hubaki moja. Kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipo, huacha baki sawa na yenyewe, na jumla ya tarakimu huacha baki lilelile la namba nzima. Siri yote ya 9 ni kwamba iko hatua moja chini ya kumi. Katika msingi wa nane kazi hiyo hufanywa na 7. Katika msingi wa kumi na mbili hufanywa na 11. Na 11 tunayoijua, ambayo hupimwa kwa kujumlisha na kutoa tarakimu kwa kupokezana, inapata nafasi yake kwa kuwa hatua moja juu ya kumi. Katika msingi wa kumi hasi wawili hawa hubadilishana kazi. Tarakimu za 19889 zinafanya 35, na 35 ukiigawa kwa 11 hubaki 2, kama inavyobaki ukigawa 1,729 kwa 11.

Sheria hiyohiyo inaeleza shufwa na witiri. Msingi ukiwa shufwa, tarakimu ya mwisho inatosha. Msingi ukiwa witiri, inabidi kuangalia jumla ya tarakimu zote: 2, 3, 4, 0 na 4 ni 13, witiri, kwa hiyo 23404 ya msingi wa 5 ni witiri.

Mifano mingine ni mizuri zaidi. Maandishi 121 ni mraba katika kila msingi unaozidi 2. Katika kumi ni mraba wa 11. Katika nane ni 81, mraba wa 9. Katika kumi na mbili ni 169, mraba wa 13. Maandishi 1001 hugawanyika daima kwa namba iliyo moja juu ya msingi: katika kumi kwa 11, katika nane kwa 9, katika kumi na mbili kwa 13.

Hapa ndipo 1,729 inapofunguka. Katika msingi wa kumi na mbili imeandikwa 1001, na mtu anayeijua sheria hiyo anaona mara moja kwamba 13 inaigawa. Anaona pia kwamba ni mchemraba wa 12 na moja, nusu ya jibu la Ramanujan ikiwa wazi kabisa usoni. Nusu ya pili inaonekana katika kumi yetu: 1,000 na 729. Vazi moja linaficha kile ambacho jingine linakionyesha. Misingi ya 7, 13 na 19 nayo hutoa ushahidi wake, kwa kuwa katika kila mmoja namba hii huishia na 0, dalili kwamba msingi huo ni kigawo chake.

Hata mfano uliokataliwa na Hardy unapata maisha mapya. 1089 mara 9 ni 9801, ambayo ni mraba wa 99. Katika msingi wa nane, 1067 mara 7 ni 7601, nayo ni mraba wa 77 ya msingi huo. Kwa hesabu yetu ya kumi, hiyo ni 567 mara 7, jibu 3,969, mraba wa 63. Kila msingi unao mfano wake. Jambo lililoonekana kuwa sadfa ya tarakimu lina sheria nyuma yake.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unadai kazi. Lazima ujaribu misingi kadhaa, kisha uthibitishe kwa herufi badala ya tarakimu. Na si kila ajabu lina sheria pana kama hiyo. Nyingine hubaki kuwa sadfa za msingi mmoja.

Msingi upi unafaa? Faida na gharama

Ikiwa sifa za ndani hazibadiliki, kwa nini watu wagombee msingi? Kwa sababu wepesi wa kazi unabadilika.

*Kumi* inaungwa mkono na vidole, mazoea na vipimo vyote vya mita na kilo. Lakini vigawo vyake vya ndani ni 2 na 5 tu, hivyo tarakimu ya mwisho haikuambii lolote kuhusu 3. Hilo lilionekana kwenye sarafu: pesa 64 unaweza kuzigawa nusu mara sita bila kuvunja sarafu, heller 100 unagawa nusu mara mbili tu, unakwama kwenye 25. Kilichopatikana badala yake ni daftari rahisi, kwa kuwa hesabu ya fedha ilifanana na hesabu ya kila siku.

*Kumi na mbili* ina watetezi waliojipanga. Huko Marekani chama chao kilianzishwa mwaka 1944. Hoja yao ni kwamba tarakimu moja ya mwisho inafichua kugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Gharama yake ni alama mbili mpya, 5 kupoteza wepesi wake, na dunia nzima kujifunza upya kuzidisha. *Sitini* ya Babeli inagawanyika kwa wepesi zaidi, nayo bado inatawala dakika na nyuzi za pembe. Lakini hakuna mtoto anayepaswa kubebeshwa jedwali la kuzidisha hadi 59.

*Mbili* ilielezwa na mwanahisabati Leibniz katika andiko la mwaka 1703, na mwaka 1937 mhandisi Claude Shannon alionyesha jinsi swichi za umeme zinavyoweza kuibeba. Alama mbili tu, kuwaka na kuzimika, hufanya mitambo iwe rahisi na isiyokosea ovyo. Gharama ni urefu: 1,729 inataka tarakimu 11. Ndiyo sababu mafundi wa kompyuta hufupisha kwa msingi wa kumi na sita, ambamo tarakimu nne za mbili hufungwa kuwa moja na namba yetu kuwa 6C1. Mvutano wa mbili na kumi humfikia hata mnunuzi wa simu. Gigabaiti 64 za mtengenezaji ni baiti 64,000,000,000. Programu inayohesabu gigabaiti kuwa 1,073,741,824 huonyesha takriban 59.6. Hakuna kilichoibwa hapo. Tangu 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, imeweka majina tofauti kama kibi, mebi na gibi, lakini matumizi bado yamechanganyika.

*Tatu* ilipata nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1958 Nikolay Brusentsov na wenzake walitengeneza kompyuta Setun iliyotumia tarakimu tatu: −1, 0 na 1. Kwa njia hiyo namba hasi haikuhitaji alama ya pembeni. Tena ukizidisha idadi ya alama kwa idadi ya nafasi zinazohitajika kuandika 1,729, mbili inagharimu 22, tatu ya kawaida (yenye 0, 1 na 2) 21, kumi 40. Hata hivyo, zilitengenezwa mashine zipatazo 50 tu. Kifaa chenye hali mbili kilikuwa rahisi na imara kuliko chenye tatu, na tofauti ya 22 na 21 haikutosha kubadili mkondo wa viwanda.

Kupima misimamo

Msimamo wa kwanza unaona sawasawa lakini unahukumu vibaya. Wa pili unahukumu sawasawa lakini unaacha kuona. Wa tatu unastahili kupewa nafasi ya juu, kwa kuwa unahifadhi mpaka wa wa pili na kuyapa maajabu ya wa kwanza sababu zake.

Kuhusu msingi wa kutumia, hoja za kubadili kumi kwa matumizi ya umma hazitoshi. Ubora wa kumi na mbili ni wa kweli, lakini gharama ya kuhamisha vitabu, vipimo, fedha na vichwa vya watu ni kubwa kuliko faida. Mbili ibaki kwenye mashine, kumi sokoni, kumi na mbili na sitini kwenye saa. Jambo ambalo gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa ni kufundisha. Mwanafunzi aliyeandika idadi moja katika misingi mitatu hawezi tena kudanganywa kwamba tarakimu ndiyo namba.

Muhtasari

Sifa za namba nzima ziko katika matabaka matatu. La kwanza ni la namba yenyewe: utasa, vigawo, witiri na shufwa, miraba na vipeo, hayo hayabadiliki. La pili ni la vazi moja: jumla ya tarakimu za 1,729 kuwa 19, au 666 kuwa na sita tatu, hayo huondoka msingi ukibadilika. La tatu ni la sheria zinazosafiri: kazi ya 9 kuhamia 7 au 11, mraba wa 121, kigawo cha 1001, hayo hubadili mhusika na kubakiza kanuni.

Msomaji akiletewa namba ya ajabu, ya kuogopwa au ya kutafutia bahati, asianze kwa kuamini wala kwa kubeza. Achukue kalamu aiandike katika msingi mwingine. Ajabu likitoweka, lilikuwa la maandishi. Likibaki, ni la namba. Na likihamia kwa jirani, nyuma yake ipo sheria inayostahili kutafutwa.